Umri wa qipao hausomwi kwenye joka, husomwa begani

Mwonyeshe mtu qipao nyekundu ya hariri yenye joka la dhahabu, atakuambia papo hapo kwamba hilo ni vazi la kale la wanawake wa China, la maelfu ya miaka. Si hivyo. Qipao ya kubana mwili, yenye zipu ubavuni na mikunjo iliyoshonwa kifuani, ilishamiri Hong Kong katika miaka ya 1950. Iliyoitangulia, iliyonyooka kama gunia jembamba, ni ya Shanghai ya miaka ya 1920. Ukirudi nyuma zaidi unakutana na kanzu pana za Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki mwa China, ambazo ukizitandika kando ya qipao ya leo utahangaika kuuona undugu wao.

Joka halikusaidii kitu hapo, kwa sababu joka linaweza kufumwa mwaka wowote. Ukitaka kujua qipao ni ya wakati gani, tazama bega, kisha kwapa, kisha ubavu wa kulia. Historia yote ya vazi hili imo katika namna kitambaa kilivyokatwa.

Tuanze na jina, maana lenyewe lina ubishi. "Qi" ni bendera, "pao" ni kanzu ndefu: kanzu ya watu wa bendera. Nurhaci, mwasisi wa dola la Wamanchu, aliwapanga watu wake katika vikosi vilivyotambulishwa kwa rangi za bendera, na kufikia 1615 vikosi hivyo vilikuwa vinane: njano, nyeupe, nyekundu na buluu, kila rangi ikiwa na kikosi cha bendera tupu na kikosi cha bendera yenye ukingo. Kila familia ilihesabiwa chini ya bendera yake, ndiyo maana Wamanchu wakaitwa watu wa bendera. Jina la pili la vazi hili, "cheongsam", linatokana na Kikantoni, lugha ya Hong Kong, na maana yake ni "vazi refu" tu, bendera haimo. Kwa Kikantoni jina hilohilo hutumika pia kwa kanzu ya mwanamume. Kwa hiyo ukisoma tangazo la zamani la Hong Kong lenye neno hilo, hakikisha kwanza ni vazi la nani.

Kanzu ya farasi

Wamanchu waliingia Beijing mwaka 1644 na kuanzisha utawala wa Qing. Mwaka uliofuata wanaume wa Kihan, yaani wa kabila kubwa la China, waliamriwa kunyoa sehemu ya mbele ya kichwa, kusuka mkia nyuma, na kubadili mavazi. Wanawake wa Kihan hawakubanwa hivyo. Waliendelea na koti na sketi yao, mara nyingi na suruali ndani, kwa zaidi ya karne mbili na nusu. Hapa ndipo hadithi ya "vazi la kale la wanawake wa China" inapokwama: kwa muda wote wa Qing, mwanamke wa Kihan alivaa vipande viwili, na kanzu ya kipande kimoja ilikuwa ya mwanamke wa Kimanchu.

Kanzu hiyo ilitokana na maisha ya kupanda farasi. Ilinyooka kutoka begani hadi kifundoni bila kubana kiuno, ikafungwa upande wa kulia, na ile rasmi ilikuwa na mikono iliyoishia kwa umbo la kwato, ili sehemu ya juu ifunike mgongo wa kiganja wakati mtu ameshika hatamu. Mipasuo ilikuwa na cheo chake: ukoo wa kifalme ulivaa kanzu yenye mipasuo minne, wengine miwili. Kanzu za kawaida za wanawake zilikuwa za namna mbili. Moja, chenyi, haikuwa na mpasuo kabisa. Nyingine, changyi, ilipasuliwa pande zote mbili hadi karibu na makwapa, na ncha ya mpasuo ikapambwa kwa umbo la wingu. Lakini mpasuo huo haukuonyesha mguu, kwa sababu ndani kulikuwa na vazi jingine. Mpasuo wa kuonyesha mguu ni wazo la mjini, la karne ya ishirini.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: kanzu za mwanzo za Wamanchu hazikuwa na kola ya kusimama. Shingo ilikuwa duara tupu, na mvaaji alifunga kitambaa chembamba cha hariri shingoni au kuvaa kola ya pekee iliyoshonwa mbali. Kola ya kusimama, ambayo leo ndiyo alama ya kwanza ya qipao machoni pa watu, iliingia mwishoni mwa Qing. Wakati huohuo mapambo ya kingo yalizidi kiasi. Kulikuwa na usemi wa "kingo kumi na nane", yaani utepe juu ya utepe juu ya utepe, mpaka kitambaa chenyewe kikabaki kama dirisha dogo katikati. Kwa maoni yangu ni kazi ya mkono ya kustaajabisha na vazi la kuchosha.

Shanghai, na swali la nani aliiga nani

Mapinduzi ya 1911 yaliuangusha utawala wa Qing, na mfalme mtoto Puyi akajiuzulu Februari 1912. Wamanchu wengi wakaacha kanzu zao, maana kuonekana Mmanchu kulikuwa hatari. Wanawake wa mijini walivaa koti la kubana lenye kola ndefu iliyopanda mpaka mashavuni, pamoja na sketi nyeusi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kanzu ndefu ikarudi, safari hii kwa wanafunzi na wanawake wasomi wa Shanghai, ambao kwao Wamanchu hawakuwa kigezo cha lolote.

Ilitoka wapi? Wapo wanaosema ni kanzu ya Kimanchu iliyopunguzwa upana. Wapo wanaosema wanawake walichukua kanzu ya wanaume, changpao, kwa makusudi, kwa sababu baada ya vuguvugu la Mei Nne la 1919, la wanafunzi na wasomi waliotaka mageuzi, kuvaa kipande kimoja kama mwanamume kulikuwa tamko la usawa. Mwandishi Zhang Ailing, aliyekulia katika mji huohuo, alishikilia maelezo haya ya pili. Na wapo wanaoonyesha kizibao: katikati ya miaka ya 1920 kulikuwa na mtindo wa kizibao kirefu cha kufika miguuni, kilichovaliwa juu ya koti fupi lenye mikono mipana. Shona mikono ya koti kwenye kizibao, ondoa koti, na umepata qipao.

Ukiniuliza mimi, ushahidi wa mkasi unawapendelea wanaume na kizibao kuliko Wamanchu. Qipao za kwanza ni pana, za kawaida, bila kiuno wala nakshi nyingi, na zinafanana na kanzu ya karani wa kiume kuliko vazi la ikulu. Jina "qi" lilikuja kushika baadaye, na lina makosa yake ndani.

Serikali ya jamhuri, iliyokuwa na makao yake Nanjing, ilimaliza ubishi kwa njia yake. Kanuni za mavazi za Aprili 1929 ziliweka vazi rasmi la wanawake kwa vipimo: kola ya kusimama, ubao wa mbele, yaani kipande kinachofunika kifua, ukifunga kulia, urefu wa kufika katikati ya goti na kifundo cha mguu, suruali ndani inayoishia sawa na pindo, mikono ya kufika katikati ya kiwiko na kiganja, rangi ya buluu, vifungo sita. Koti na sketi liliruhusiwa kama vazi la pili. Suruali hiyo ya ndani ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupuuzwa. Shanghai ilivaa soksi ndefu za hariri na haikutazama nyuma.

Baada ya hapo pindo likawa kama kipimajoto. Mwishoni mwa miaka ya 1920 lilipanda karibu na goti, likifuata sketi fupi za Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 likaanza kushuka, na kufikia 1934 na 1935 lilikuwa linafagia sakafu, mpasuo nao ukipanda ili mtu aweze kupiga hatua. Kisha likapanda tena, mikono ikafupishwa mpaka ikatoweka, na vita vilipoanza mwaka 1937, kitambaa kikiwa adimu, urefu wa kati ya goti na muundi ukawa wa kawaida. Ukiwa na picha isiyo na tarehe, pindo na mkono vitakupa miaka mitatu au minne ya kukisia. Kola peke yake haitoshi.

Usidhani zote zilikuwa za hariri. Vazi la mwanafunzi na mwalimu lilikuwa qipao ya pamba ya buluu iliyotiwa rangi ya indanthreni, rangi iliyovumbuliwa Ujerumani mwaka 1901 na kutangazwa China kwa makalenda ya ukutani yenye picha za wasichana warembo. Sifa iliyouzwa ilikuwa moja: haichuji. Na kweli haikuchuja kirahisi, jambo ambalo kwa mtu mwenye qipao mbili tu ni kubwa kuliko nakshi zote za maua ya peoni.

Kitambaa kimekunjwa mara ngapi

Sasa tuje begani.

Qipao ya Shanghai ya miaka ya 1920 na sehemu kubwa ya 1930 haina mshono wa bega. Kitambaa kilikunjwa begani, mbele na nyuma zikawa kipande kimoja kinachoendelea, na mkono ulikatwa humohumo, bila kuungwa kwapani. Fundi alikunja kitambaa kwa urefu na kwa upana, akapata tabaka nne, akachora nusu ya mwili na kukata mara moja. Kwa vazi la urefu wa sentimita 120 alihitaji mara mbili ya urefu huo, yaani sentimita 240, na nyongeza ya pindo mbili, karibu mita 2.5 hadi 2.6 kwa jumla. Upana wa kitambaa ndio ulioamua mkono uishie wapi. Kwa mikono mirefu, kitambaa kilikwisha kabla ya kiwiko, fundi akaunga kipande. Kwa hiyo mshono unaozunguka mkono katikati, mbali na bega, ni dalili nzuri ya kazi ya zamani. Dalili nyingine ni mshono wima katikati ya kifua na mgongo, ambao ulitokana na wembamba wa vitambaa vya mtande wa mkono. Vitambaa vya viwandani vilipokuwa vipana, mshono huo ukaachwa.

Ukivaa qipao ya namna hii na kushusha mikono, mikunjo inajikusanya kwapani. Watu huiona na kusema imeshonwa vibaya. Haikushonwa vibaya: kitambaa kimekatwa kana kwamba mikono imenyooshwa pembeni, na mkono ukishuka lazima ziada iende mahali. Usijaribu "kuirekebisha" qipao ya zamani kwa kuipunguza kwapa. Utashindwa kuinua mkono, na hariri ya miaka 90 itachanika mbele ya macho yako.

Tatizo kubwa la ukataji huu lilikuwa ubao wa mbele. Uwazi wa qipao unaanza katikati ya kola, unapinda kuelekea kwapa la kulia, kisha unashuka ubavuni. Ukiukata kwenye kipande kimoja cha kitambaa, unapata kingo mbili kwa mkato mmoja, na hakuna hata sentimita moja ya kupishana. Ukifunga, pengo linaonekana. Palipokuwa na mshono wa katikati shida haikuwepo, kwa sababu ubao wa kushoto ungeweza kukatwa mpana peke yake. Bila mshono huo, mafundi waliusogeza mkato kidogo na kuuvuta ukingo wa ubao wa juu kwa unyevu na pasi ya moto mpaka ukazidi ule wa chini, halafu wakashona kipande kidogo cha ndani cha kuziba. Kazi hiyo ndiyo iliyotofautisha fundi na mwanafunzi.

Pasi hiyohiyo ilitumika kiunoni na nyongani. Kabla ya mikunjo ya kushonwa, umbo lilitokana na kuvuta kitambaa mahali pamoja na kukibana mahali pengine kwa mvuke. Hariri na sufu hukubali. Polista haikubali: utaibonyeza, itang'aa, na kesho itarudi ilivyokuwa. Anayetaka kushona qipao ya mtindo wa 1930 kwa brokedi ya polista anajitafutia hasira.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 na katika miaka ya 1940, mafundi wa Shanghai walianza kuingiza mbinu za nguo za Kizungu: mshono wa bega unaoinama, mkono uliokatwa pekee na kuungwa, mikunjo ya kubana kifuani na kiunoni, zipu. Waliita hiyo "qipao iliyoboreshwa". Baada ya 1949 wengi wao walihamia Hong Kong, na huko ikafika ncha yake katika miaka ya 1950 na 1960: kiuno chembamba, nyonga iliyochorwa kwa chaki hadi nusu sentimita, kola ngumu. Ndiyo qipao ambayo dunia inaifahamu. Wanawake wa Hong Kong waliivaa sokoni, ofisini na darasani, mpaka nguo za viwandani zilizo rahisi zikaiondoa mitaani mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadhi ya shule za wasichana, kama St. Stephen's Girls' College, bado zinaitumia kama sare.

China bara mambo yalikwenda tofauti. Kitambaa cha pamba kiligawiwa kwa kuponi kuanzia 1954 hadi 1983, na vazi la heshima likawa suti ya buluu au ya kijivu. Kisa kimoja kinatosha kuonyesha uzito wa nguo. Aprili 1963, Wang Guangmei, mke wa rais Liu Shaoqi, alivaa qipao katika ziara rasmi ya Indonesia. Aprili 1967, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, walimburuta mbele ya umati katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, wakamlazimisha kuvaa qipao iliyomkaa vibaya, na kumtundika shingoni mkufu wa mipira ya pingpong kumdhihaki kwa lulu zake. Baada ya hapo, ni nani angeiacha yake ikining'inia kabatini?

Kingo, kola na vifungo

Mtu anayetaka kushona au kununua qipao ya kweli ayatazame haya kabla ya rangi.

Ukingo hufunikwa kwa utepe uliokatwa hanamu, nyuzi 45, si kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kwa ukingo wa nusu sentimita unahitaji utepe wa sentimita 2.5: mara nne ya upana unaotakiwa, na kidogo cha unene. Hariri ikikatwa hanamu huteleza na kutanuka, ndiyo maana mafundi wa zamani waliipaka upande wa nyuma uji mwembamba wa unga wa ngano kwa kisu cha mwanzi, wakaianika, wakaipiga pasi, ndipo wakakata. Uji ukizidi, doa linajitokeza mbele na ukingo unakuwa kama kadibodi. Ukipungua, utepe unajipinda mkononi. Tena wanga huvutia wadudu, kwa hiyo qipao ya zamani huliwa kingoni kwanza. Leo wengi hutumia kitambaa cha kugandisha kwa pasi. Ni rahisi zaidi, ila chagua kile chembamba kabisa.

Kosa la kawaida ni kuvuta utepe kwa nguvu ileile njia nzima. Kwenye mpindo unaoingia ndani, kama kwapani, uvute kidogo. Kwenye mpindo unaotoka nje, kama pembe ya chini ya ubao, uache ulegee, hata uusukume kidogo. Ukifanya kinyume, kwapani patafanya mawimbi na pembe itajikunja kwenda ndani, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Kola. Urefu wa sentimita 4 hadi 5 unavalika siku nzima. Ikifika 6 mvaaji mwenye shingo fupi atasononeka. Lakini kinachokaba mara nyingi ni umbo la kola kuliko urefu wake. Kola iliyokatwa kama ukanda ulionyooka husimama wima kama ndoo na kuchoma kidevu. Ncha zake za mbele zinatakiwa zipande kiasi cha sentimita 2 kwenye kielelezo, ili ikishonwa iegemee shingo. Ikiwa bado inakaba, usiongeze mzunguko wa kola kwanza. Shusha shingo ya mbele nusu sentimita, jaribu, kisha rekebisha kola iilingane. Nafasi ya vidole viwili kati ya kola na koo inatosha.

Vifungo, pankou, ni fundo na kitanzi vya kamba ya kitambaa. Utepe wa hanamu wa sentimita 2 unakunjwa kingo ndani, kisha unakunjwa tena na kushonwa kwa mkono, ukapata kamba ya unene wa milimita 4 hadi 5. Fundo moja la kawaida na mikia yake miwili hula kamba ya sentimita 20 hadi 25, kutegemea unene. Kata yenye ziada, kwa sababu fundo lililokazwa haliungwi. Kaza polepole, mzunguko kwa mzunguko, mpaka liwe gumu kama njegere. Likibaki laini litapenya na kufunguka mtu akikaa. Vile vya umbo la ua au kipepeo huwa na waya mwembamba wa shaba ndani ya kamba, ndio unaoshika umbo. Cha kwanza kinawekwa shingoni, cha pili kwenye mpindo wa ubao, cha tatu kwapani, na vingine vinashuka ubavuni. Cha kwapani ndicho kinachobeba mzigo wote, kwa hiyo kishonwe kupita bitana na kitambaa cha kuimarisha, kisining'inie kwenye hariri peke yake.

Mpasuo. Kwa qipao inayoishia chini kidogo ya goti, sentimita 15 hadi 20 zinatosha kutembea. Ncha ya juu ya mpasuo ndiyo inayochanika. Weka kipande kidogo cha kitambaa imara kwa ndani kabla ya kushona bitana. Na pima nyonga mvaaji akiwa ameketi. Nyonga hupanuka akikaa, na vazi lililopimwa kwa aliyesimama wima hupanda mapajani na kujikusanya tumboni. Nyongeza ya sentimita 4 hadi 6 juu ya kipimo cha kifua, kiuno na nyonga ni kiasi cha heshima kwa kitambaa kisichovutika.

Zipu inakaa ubavu wa kulia, kwenye mpindo wa nyonga. Mshono huo ukivutwa wakati wa kushona, zipu hufanya mawimbi kama samaki. Weka kwanza ukanda mwembamba wa kitambaa kilichokatwa kwa uzi wake ili ushike urefu. Ukikuta zipu iko mgongoni na ubao wa mbele umeshonwa kabisa, vifungo vikiwa mapambo tu, basi umeshika gauni lenye sura ya qipao. Hakuna dhambi kulivaa, lakini lisiuzwe kwa bei ya kazi ya mkono.

Mwisho, maua. Kwenye brokedi yenye picha kubwa, mchoro unatakiwa uendelee kuvuka uwazi wa ubao bila kukatika, hata jani likigawanyika katikati lijiunge kifungo kikifungwa. Hilo linakula kitambaa, wakati mwingine urefu wa mchoro mzima wa ziada. Fundi mvivu hutumia kitambaa kisicho na maua hapo, na wakati mwingine ndiyo busara.

Kuhusu ubishi wa leo

Tangu mtu mmoja alipotembea mitaani Zhengzhou mwaka 2003 akiwa amevaa hanfu, vuguvugu la vijana wanaotaka mavazi ya Kihan ya kabla ya Qing limekua sana, na baadhi yao hawaitaki qipao kabisa: wanasema ni ya Wamanchu. Hoja hiyo inashika jina na kuacha nguo. Kanzu ya changyi haina mpasuo wa kuonyesha mguu, haina kiuno, na ya mwanzo haina hata kola. Qipao ina vyote vitatu, na mpasuo huo na kiuno vimeingia mjini, kwa mikono ya mafundi waliokuwa wakiangalia kanzu za wanaume kwa jicho moja na magauni ya Kizungu kwa jicho la pili. Serikali ya China haikuona tabu: mwaka 2021 ufundi wa cheongsam wa Hong Kong uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi usioshikika.

Aliye na qipao ya zamani nyumbani asiitundike. Uzito wa vazi hukaa wote kwenye mkunjo wa bega, palepale pasipo na mshono wa kuushika, na hariri huachia hapo kwanza. Ilaze bapa, weka karatasi laini isiyo na asidi ndani ya kola na kwenye kila mkunjo, usipitishe pasi juu ya vifungo vyenye waya, na kila baada ya miezi michache badilisha mahali pa kukunjia.